Evaristo Muyinda, Mpigaji wa Kabaka

Wajumbe wa kamati ya kijitabu hiki waliponitaka niandike maisha ya mwanamuziki mmoja mashuhuri aliyekwisha kuiaga dunia, nadhani walitegemea nimlete bingwa wa tabla kutoka India. Mabingwa hao wapo, na Ustad Alla Rakha peke yake angetosha kuzijaza kurasa hizi. Majirani zetu nao, bila shaka, wangependa nimwandike Mzee Morris Nyunyusa, yule kipofu aliyepiga ngoma nyingi peke yake, ambaye mlio wa ngoma zake ulitangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania kwa miaka mingi, hata mtoto aliyekuwa uani akajua kwamba saa imefika. Nimewaacha wote wawili kwa heshima. Nimemchukua Evaristo Muyinda wa Buganda, kwanza kwa kuwa ni mtu wa ziwa letu hili hili, na pili kwa kuwa ndani ya maisha yake limo swali ambalo sisi wa hekalu tunalizunguka kila mwaka mikutanoni bila kulijibu: ufundi uliotunzwa ndani ya nyumba moja, ufundishwe nani?

Niliisikia kwanza sauti ya marimba ya Kiganda nikiwa mtoto mdogo, kabla ya kutengana kwa nchi zetu tatu. Siku hizo meli ilitoka Mwanza ikapitia Bukoba mpaka Port Bell, nasi tulikwenda kumtembelea mjomba wangu aliyekuwa na duka Kampala. (Kwa Kigujarati mjomba huitwa mama, jambo linalowachekesha majirani zangu wa Buzuruga mpaka leo.) Mjomba alitupeleka kwenye Makumbusho ya Uganda. Mama yangu alitazama vyungu na mishale upesi upesi, lakini mahali palipowekwa ala za muziki tulikaa muda mrefu, maana palikuwa na watu wazima watatu wameketi chini, wanapiga vibao vya mbao vilivyolazwa juu ya mashina ya migomba. Kama mmoja wao alikuwa Muyinda, macho ya mtoto hayakujua. Nilichokumbuka ni kwamba nilisikia wimbo mzima, lakini nilipomtazama mpigaji mmoja mmoja, hakuna aliyekuwa akiupiga wimbo huo. Nilikuja kupata maelezo yake nikiwa na wajukuu.

Muyinda alizaliwa mwaka 1914 katika Kyaggwe, saza la Buganda lililo upande wa mashariki ya Kampala kuelekea mto Nile. Wasomaji wenye asili ya Gujarat wanalijua eneo hilo kwa sababu nyingine. Humo ndimo ilimo Lugazi, ambako Nanji Kalidas Mehta, mwana wa Saurashtra, alianzisha kiwanda chake cha sukari mwaka 1924. Waingereza walikuwa wameshaitia nchi hiyo chini ya himaya yao tangu mwaka 1894, ila Kabaka alibaki na Lubiri yake huko Mengo, na Lubiri ilibaki na wapigaji wake.

Yafaa nieleze kidogo jinsi kasri lile lilivyokuwa, kwa sababu asiyelijua hatauona uzito wa alichokitenda Muyinda baadaye. Muziki wa Kabaka haukuwa burudani ya jioni tu. Ulikuwa sehemu ya utawala wenyewe, kama kiti na mkuki. Palikuwa na ngoma za enzi ziitwazo mujaguzo, ambazo mtawala hakuhesabiwa kuwa mtawala pasipo hizo. Palikuwa na wapiga filimbi, wapiga pembe, na mpiga kinubi aliyemwimbia Kabaka kwa karibu. Palikuwa na entenga, seti ya ngoma kumi na tano: kumi na mbili kati ya hizo zilikazwa kila moja kwa sauti yake mpaka zikaweza kutoa wimbo, nazo zilipigwa na watu wanne, huku wawili wengine wakizishika tatu kubwa. Entenga haikupigwa popote pengine. Palikuwa pia na akadinda, marimba kubwa ya vibao ishirini na viwili iliyohitaji watu sita. Na palikuwa na kundi la entamiivu, lililounganisha marimba ya vibao kumi na viwili pamoja na ngoma. Kila kundi lilikuwa na watu wake, na zamu zake za kwenda kutumika. Ufundi ulirithishwa ndani ya kundi, na mtu wa entenga hakuingilia kazi ya mtu wa filimbi.

Muyinda aliingia Lubiri akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1930, katika kundi la entamiivu. Kabaka Daudi Chwa II alifariki Novemba 1939, na mwanawe Mutesa II akarithi kiti akiwa mvulana wa miaka kumi na mitano. Ni chini ya Mutesa huyo ndipo Muyinda alipopata jina. Hakutosheka na ala moja. Alipiga marimba, alipiga ngoma, alipuliza filimbi ya endere, alicheza zeze la endingidi na kinubi cha endongo. Kwa mtu aliyekulia katika utaratibu niliouelezea hapo juu, huo ulikuwa mwendo usio wa kawaida. Mimi ni mfanyabiashara, nami hupenda kulinganisha: ni kama fundi seremala ambaye pia ni mshonaji, mwashi na mfua vyuma, na kila mmoja wa mafundi hao anamkubali kuwa mwenzake.

Sasa nirudi kwenye lile fumbo la utotoni. Marimba iitwayo amadinda ina vibao kumi na viwili, vilivyochongwa hasa kwa mti uitwao lusambya, navyo hulazwa juu ya mashina mawili ya migomba na kuzuiwa kwa vijiti visihame. Hupigwa na watu watatu. Wa kwanza huitwa omunazi, naye huanza na sehemu yake kwa mapigo yaliyolingana, bila kupunguza wala kuzidisha mwendo. Wa pili, omwawuzi, jina lake lina maana ya mgawaji: huingia katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake, kila pigo lake likiangukia pale ambapo mwenzake ameinua mkono. Wawili hawa hutumia vibao kumi, kila mkono ukiifuata sauti ile ile ya mkono wa pili kwa daraja ya juu au ya chini, kwa kuwa ngazi ya sauti ya Kiganda ina hatua tano. Vibao viwili vilivyobaki, vile vidogo vya juu, ni vya mtu wa tatu, omukoonezi. Huyu husikiliza kinachotokea kwenye vibao viwili vya chini kabisa, kisha hukirudia juu. Kazi yake huonekana ndogo, kumbe yeye ndiye anayepaswa kuwasikia wenzake wote wawili kwa pamoja.

Waliowahi kucheza dandiya hapa uani kwetu siku za Navaratri wataelewa kwa haraka. Kijiti changu hakina maana mpaka kikutane na chako, na mstari ukikosa mtu mmoja duara zima huyumba. Lakini amadinda imekwenda mbali zaidi. Mapigo ya watu wawili yanapofumwa kwa kasi hiyo, sikio haliwezi tena kumfuata mtu mmoja. Huanza kukusanya sauti za juu upande wake na sauti za chini upande wake, na hapo hutokea nyimbo ambazo hakuna mkono wowote uliozipiga. Mganda anayeijua lugha husikia ndani yake hata maneno ya wimbo. Mtunzi wa muziki wa aina hii, basi, hukaa na wimbo unaoimbwa, akaugawa vipande viwili ambavyo kila kimoja kikisikika peke yake hakifanani nao, kisha akavirudisha pamoja. Muyinda alikuwa na hazina kubwa ya nyimbo hizo kichwani, bila karatasi, kila moja ikiwa na sehemu zake tatu, naye aliweza kumkalia mwanafunzi yeyote katika sehemu yoyote.

Mlango wa pili wa maisha yake ulifunguliwa na mgeni. Klaus Wachsmann alikuwa msomi Mjerumani aliyelazimika kuihama nchi yake wakati wa utawala wa Hitler, akaja Uganda mwaka 1937, na mwaka 1948 akawa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda. Bwana huyu aliona jambo ambalo wakuu wengi wa makumbusho wa zama zake hawakuliona, kwamba ngoma iliyowekwa ndani ya kabati la kioo ni kipande cha mti na ngozi tu. Akaajiri wapigaji wazipige ala mbele ya watazamaji, na Muyinda akawa mkuu katika kazi hiyo. Jengo jipya la makumbusho lilipofunguliwa miaka ya 1950 katika kilima cha Kitante, mtu yeyote mwenye nafasi, awe mwanafunzi, mchuuzi, mzungu au Mhindi mwenye duka kama mjomba wangu, aliweza kuketi hatua chache kutoka kwa mpigaji wa Kabaka na kumsikiliza.

Nadhani hili halikuwa jepesi kama linavyoonekana katika maandishi. Mtu mmoja, kwa wakati mmoja, alikuwa mtumishi wa Lubiri na mwalimu wa watu wasio wa Lubiri. Tena Muyinda alifanya jambo jingine ambalo kasri halikulizoea: alikusanya kundi ambamo marimba, filimbi, zeze, kinubi na ngoma vilisikika pamoja, ala ambazo zamani kila moja ilikuwa na watu wake na mahali pake. Sitashangaa kama walikuwapo wazee walionuna. Hata hapa kwetu, tulipoanza kuwaruhusu vijana kuleta kinanda cha umeme katika bhajan, mzee mmoja alikaa miezi miwili bila kunisalimia, na kwa miezi hiyo miwili nilimwelewa vizuri kuliko alivyodhani.

Mwaka 1953 Gavana Andrew Cohen alimwondoa Mutesa nchini na kumpeleka Uingereza, na Waganda wakaomboleza mpaka aliporudishwa Oktoba 1955. Miaka hiyo hiyo mtunzi mwingine wa Buganda, Joseph Kyagambiddwa, alichapisha kitabu chake kuhusu muziki wa nchi yao. Baadaye alitunga kazi kubwa ya kwaya juu ya Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu Roma mwaka 1964. Kyagambiddwa aliuchukua muziki wa Kiganda akaupeleka katika kanisa na katika maandishi. Muyinda aliendelea kuketi chini, miguu ameikunja, na vijiti mkononi.

Mwishoni mwa mwaka 1959 alifika Kampala kijana kutoka Vienna, jina lake Gerhard Kubik, hajatimiza miaka ishirini na sita. Alitaka kujifunza kwa mikono yake na si kwa kutazama. Muyinda alimkubali kama ambavyo angemkubali mwanafunzi yeyote: akamweka katika sehemu moja, mpaka mkono ukazoea, ndipo akampa nyingine. Kubik aliandika nyimbo zile kwa namba moja mpaka tano, kwa hatua za ngazi ya Kiganda, na mwaka 1960 akatoa makala ya kwanza kuueleza ujenzi wake. Yeye ndiye aliyewaeleza wasomi wa dunia kuhusu zile nyimbo zisizopigwa na mkono wowote. Aliendelea kuandika kwa miaka mingi akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa muziki wa Afrika, na daima alimtaja Muyinda kuwa mwalimu wake. Sisi tuliolelewa katika heshima ya guru tunajua kwamba jambo hilo la mwisho si dogo.

Kisha ukaja mwaka 1966.

Uganda ilikuwa imepata uhuru mwaka 1962, na Mutesa akawa Rais huku Milton Obote akiwa Waziri Mkuu. Ugomvi kati yao ulikua mpaka tarehe 24 Mei 1966, Obote alipotuma jeshi, likiongozwa na Idi Amin, kuishambulia Lubiri. Mutesa aliruka ukuta akatoroka, akafika Uingereza, akafia London Novemba 1969. Watu wengi waliuawa siku ile. Kasri liliungua, na ndani ya kasri zilimokuwa ala ziliharibiwa. Mwaka uliofuata katiba mpya ilizifuta falme zote za Uganda. Wapigaji hawakuwa na nyumba ya kwenda zamu, wala bwana wa kumtumikia. Wengine walirudi mashambani wakanyamaza, maana kujulikana kuwa mtu wa Kabaka hakukuwa salama. Entenga, ile iliyolindwa kuliko zote na kupigwa mahali pamoja tu, ndiyo iliyoumia kuliko zote. Wenye kuijua walipotawanyika, haikuwapo shule wala makumbusho iliyokuwa imejaza pengo hilo.

Hapo ndipo matunda ya ule mlango wa Kitante yalipoonekana. Amadinda haikufa pamoja na Lubiri, kwa sababu ilikuwa imeshatoka nje ya ukuta miaka mingi kabla ya moto. Ilikuwa mikononi mwa wanafunzi, katika shule, katika kanda zilizorekodiwa, katika daftari za namba za yule kijana wa Vienna. Muyinda mwenyewe aliendelea kufundisha. Nikilifikiria jambo hili huona ajabu moja: wale waliokuwa waaminifu kabisa kwa siri ya kasri ndio ambao siri yao ilikaribia kwenda nao kaburini, na yule aliyeonekana kuilegeza ndiye aliyemwekea Kabaka akiba. Lakini pia siwezi kuwalaumu wale wa kwanza. Walitunza ahadi yao, na moto haukuwapo katika hesabu zao.

Msomaji atasema mambo kama hayo ni ya Uganda. Basi na apande daladala hapa Buzuruga kwa barabara ya Musoma mpaka Kisesa, aende Bujora. Huko Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha Makumbusho ya Wasukuma, na ngoma za watemi zimo. Utemi nao ulifutwa kwetu muda mfupi baada ya uhuru, kwa sheria na bila mizinga, na tumshukuru Mungu kwa tofauti hiyo. Bado ngoma zilihitaji pa kukaa, na watu wa kuzipiga zisigeuke mapambo. Kila Juni, wakati wa Bulabo, huonekana kwamba watu hao wapo.

Amin aliipindua serikali ya Obote Januari 1971. Agosti 1972 alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika siku tisini. Mjomba wangu alifunga duka lake, akampa jirani ufunguo, akaenda Leicester na masanduku mawili. Mahekalu ya Kampala yalibaki bila waumini. Nilikuwa na umri wa kutosha kukumbuka barua zake, na katika mojawapo aliorodhesha vitu alivyoviacha: mizani, cherehani ya mkewe, na jozi ya tabla iliyokuwa ya baba yake. Kuhusu mizani na cherehani aliandika mstari mmoja. Kuhusu tabla aliandika ukurasa.

Muyinda alibaki nchini katika miaka yote hiyo, ya Amin na ya vita vilivyofuata. Wapigaji wenzake wa zamani walizeeka, wengine wakafa, naye akawakusanya waliobaki ili waendelee kupiga pamoja. Mwaka 1991 kampuni moja ya Uholanzi ilitoa rekodi yake ya muziki wa Baganda kama ulivyopigwa zamani katika kasri la Kabaka. Humo anasikika akiwa mzee, na mkono bado haujalegea. Mjukuu wangu alinitafutia katika simu yake, tukaisikiliza dukani mchana mmoja wa mvua. Wateja wawili walisimama mlangoni mpaka ikaisha, mmoja wao mama wa Kihaya aliyesema inamkumbusha enanga ya kwao Bukoba.

Ufalme wa Buganda ulirudishwa mwaka 1993, na tarehe 31 Julai Ronald Mutebi II alitawazwa kuwa Kabaka. Lubiri ilihitaji tena wapigaji. Muyinda alifariki mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa hivi. Waliochukua vijiti walikuwa wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake, wengi wao watu ambao zamani wasingeruhusiwa kukaribia marimba ya Kabaka. Hata entenga haikupotea kabisa. Katika miaka ya karibuni wasomi wa Uganda walimfuata mzee aliyesalia kati ya wapigaji wake wa zamani, wakamketisha na vijana, na seti mpya za ngoma zikachongwa.

Makumbusho ya Uganda bado yapo Kitante, katika jengo lile lile. Mabasi ya Kampala hupita Bukoba na kuvuka mpaka Mutukula. Atakayekwenda aulize chumba cha ala za muziki, na akikuta wapigaji wameketi chini, aketi naye upande wa omukoonezi, karibu na vile vibao viwili vidogo.